Dizeli ni jina la mtu: Rudolf, fundi aliyepotelea baharini

Simama Salgaa saa mbili usiku, pale matrela yanapojipanga, na utasikia jina la Mjerumani mmoja likitajwa mara mia bila mtu hata mmoja kumfikiria. Dizeli imepanda. Dizeli imeshuka. Dizeli ya kunitoa hapa mpaka Malaba ni ngapi? Neno tumelizoea kama chai na sukari. Lakini Diesel alikuwa mtu. Alikuwa na mke, watoto watatu, madeni ya kutisha na maumivu ya kichwa yasiyoisha. Alikufa mwaka 1913, na hadi leo watu wanabishana kama alijirusha au alirushwa.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani wa Bavaria. Babake, Theodor, alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na kutengeneza bidhaa za ngozi. Karakana ndogo, pesa za leo zipo kesho hazipo. Hiyo karakana iweke akilini, tutaihitaji mbele.

Mwaka 1870 vita vikazuka kati ya Ufaransa na Wajerumani, na familia ikalazimika kuondoka Paris na kukimbilia London. Maisha yakabana. Rudolf, akiwa na miaka 12 tu, akatumwa Augsburg, Ujerumani, akaishi na jamaa wa familia ambao mwenye nyumba alikuwa mwalimu wa hesabu. Huko ndiko alikoamua kuwa mhandisi, na hakubadilisha nia.

Chuoni Munich alikuwa kichwa hasa. Mtihani wa mwisho ulipofika 1879 akaanguka na homa ya matumbo, akaukosa. Badala ya kukaa nyumbani kulia, akaenda Winterthur, Uswisi, kufanya kazi katika kiwanda cha Sulzer. Januari 1880 akarudi, akakalia mtihani na kutoka na alama za juu kabisa. (Sisi tulioacha chuo katikati tunaisoma hadithi hii tukiangalia kando, lakini tuendelee.)

Mwalimu wake mkuu alikuwa Carl von Linde, baba wa mashine za barafu. Kwenye mihadhara ya Linde, kijana huyu alisikia jambo lililomnyima usingizi kwa miaka mingi. Injini za mvuke, zilizokuwa zikiendesha treni, meli na viwanda vya dunia nzima, zilikuwa zinapoteza karibu asilimia 90 ya joto la makaa. Unanunua magunia kumi ya makaa, tisa yanaishia angani. Rudolf akajiuliza kama kuna njia ya kuligeuza joto lote hilo kuwa kazi.

Jaribio lake la kwanza lilikuwa injini ya mvuke wa amonia. Ililipuka na karibu imuue. Alilazwa miezi mingi, na macho yake hayakuwahi kupona sawasawa. Mtu mwingine angefungua duka.

Wazo lililofuata ndilo lililobaki. Umewahi kupampu baiskeli kwa nguvu ukagusa ncha ya pampu? Inachoma. Hewa ukiibana inapata joto. Rudolf akasema, kwa lugha ya hesabu, kwamba ukiibana hewa ndani ya silinda vya kutosha, joto litapita nyuzi 500. Hapo nyunyiza mafuta kidogo tu. Yatawaka yenyewe. Hakuna plagi, hakuna cheche, hakuna kiberiti. Akaomba hataza ya kulinda uvumbuzi huo mwaka 1892, na 1893 akachapisha kitabu kidogo cha kuueleza. Kiwanda cha mashine cha Augsburg, chini ya Heinrich von Buz, kikakubali kumpa nafasi, na kampuni ya Krupp ikaongeza pesa.

Tarehe 10 Agosti 1893 wakaiwasha kwa mara ya kwanza. Ilifanya mlio mmoja mkubwa, kifaa cha kupima presha kikapasuka na vipande vikapita karibu na vichwa vya waliokuwepo. Rudolf alifurahi. Kwake mlipuko ulikuwa ushahidi kwamba mafuta yamewaka bila moto. Februari 1894 injini ikajiendesha yenyewe kwa takriban dakika moja. Dakika moja, baada ya miaka. Na ilichukua miaka mitatu mingine hadi Februari 1897, ambapo Profesa Moritz Schröter aliipima rasmi: urefu mita tatu, nguvu za farasi karibu 20, na asilimia 26 ya joto la mafuta ikigeuka kuwa kazi. Hakuna injini nyingine duniani iliyokuwa imefika hapo. Moja ya za kwanza kabisa kuuzwa ilienda kwa kiwanda cha viberiti mjini Kempten. Naam, injini isiyohitaji kiberiti, ikanunuliwa na watengeneza viberiti.

Pesa zikaja kama mafuriko. Adolphus Busch, tajiri wa bia wa Marekani, alilipa marki milioni moja kwa haki za kuitengeneza kwao. Rudolf akajenga jumba la kifahari Munich. Kisha shida zikaanza kuingia kwa mlango wa nyuma. Injini za mwanzo zilizouzwa zilikuwa zinakufa kila mara na wateja wakataka pesa zao. Wapinzani wakampeleka kortini wakidai wazo si lake. Akawekeza kwenye visima vya mafuta na mashamba, na pesa zikayeyuka. Akili ikachoka mpaka akaingizwa hospitali kupumzika.

Sasa turudi kwenye ile karakana ya babake, kwa sababu hapa ndipo hadithi inaniuma. Rudolf hakuibuni injini hii kwa ajili ya matajiri. Injini ya mvuke ilikuwa kubwa na ghali, ni wenye viwanda tu waliokuwa nayo, na iliwamaliza mafundi wadogo kama Theodor. Alitaka injini ambayo mshona viatu, seremala au mfumaji angeiweka kwenye chumba chake, aitilie mafuta yoyote aliyonayo, ashindane na kiwanda. Mwaka 1903 aliandika kitabu kizima, Solidarismus, kuhusu namna wafanyakazi wangeweza kuchanga na kumiliki viwanda vyao wenyewe. Kama chama, tuseme. Zilichapishwa nakala 10,000, zikauzwa mamia machache.

Kama unataka kuona ndoto yake ikitembea, usiende Munich. Nenda ndani ndani, kule Subukia au nyuma ya Molo, mahali ambapo stima ilichelewa kufika. Utaisikia kabla ya kuiona: poshomili, tuk-tuk-tuk-tuk, injini ya Lister ya silinda moja imefungwa kwenye saruji, mkanda mrefu unazungusha jiwe la kusaga. Mwenyewe ni mtu mmoja, mteja ni mama mwenye debe la mahindi. Injini ya dizeli, fundi mdogo, hakuna bosi. Hiyo ndiyo picha Rudolf aliyokuwa nayo kichwani.

Na Afrika ilikuwa kwenye mahesabu hayo mapema kuliko unavyodhani. Kwenye maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1900, kampuni ya Otto iliwasha injini ndogo ya dizeli kwa mafuta ya njugu karanga. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka hilo lijaribiwe, kwa sababu makoloni yake ya Afrika yalikuwa na njugu tele, na injini zingeweza kulishwa kwa kinachovunwa papo hapo. Baadaye Rudolf mwenyewe alirudia majaribio hayo na kuyaunga mkono. Mwaka huohuo wa 1900 ndio reli ilifika Nakuru, treni ikivutwa na mvuke, kijani kibichi cha bonde hili kikianza kuhesabiwa kwa magunia.

Lakini soko halikufuata moyo wa mvumbuzi. Lilifuata bahari.

Fikiria meli ya mvuke. Lazima ibebe mlima wa makaa, na wanaume kadhaa wanaokaa tumboni mwake usiku na mchana wakitia koleo kwenye moto. Meli ya dizeli inabeba mafuta machache kwa safari ileile, wanaume wa koleo hawahitajiki, na nafasi yote iliyobaki ni ya mizigo. Februari 1912 meli ya Selandia, iliyoundwa na Burmeister & Wain mjini Copenhagen, ilianza safari ya kwenda Bangkok ikiwa na injini mbili za dizeli, silinda nane kila moja. Haikuwa na bomba kubwa la moshi, kwa hivyo watu bandarini walidhani kuna kitu kimesahaulika. Ilipopita London, Winston Churchill, wakati huo mkuu wa wizara ya jeshi la majini, aliingia ndani kuikagua.

Kutoka hapo injini za meli zikawa majitu. Emma Maersk, iliyoanza kazi 2006, ina injini ya silinda 14, tani 2,300, kimo cha zaidi ya mita 13, yaani kama jengo la ghorofa nne. Nguvu za farasi ni karibu 109,000. Upana wa silinda moja ni sentimita 96. Fundi anaingia ndani kuikagua kama anayeingia tangi la maji. Na bado inazunguka mara 102 tu kwa dakika. Trela la Salgaa linazunguka zaidi ya mara 1,000. Upole huo una sababu. Shafti ya injini imeunganishwa moja kwa moja na propela, hakuna giaboksi, na propela kubwa inayozunguka polepole inasukuma maji vizuri zaidi. Nahodha akitaka kurudi nyuma, injini yote inasimamishwa, kisha inawashwa ikizunguka upande mwingine.

Pistoni ikipanda, inabana hewa. Ikifika juu, mafuta yananyunyizwa, yanawaka, inasukumwa chini. Ikikaribia chini inafunua matundu ubavuni mwa silinda, hewa mpya inaingia kwa kishindo na kufukuza moshi kupitia vali ya juu. Kila ikishuka ni kazi. Hewa hiyo inasukumwa na turbo, inayozungushwa na moshi wenyewe. Ni ndugu mkubwa wa turbo iliyo kwenye lori, na ukitaka kujua umuhimu wake uliza dereva yeyote anayepandisha Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi na lori lisilo na turbo linapumua kama mzee.

Kuiwasha si kugeuza ufunguo. Saa kadhaa kabla ya kung'oa nanga wahandisi wanapasha maji yanayozunguka silinda, kwa sababu chuma baridi kikikutana na moto ghafla kinapasuka. Oili inapampiwa kila kona. Kisha mota ndogo ya umeme inaizungusha injini taratibu, vali ndogo za juu zikiwa wazi, ili kuona kama kuna maji yamevuja ndani. Maji hayabaniki kama hewa. Pistoni ikiyakuta, kuna kitu kitavunjika. Mafuta yenyewe ni mazito, meusi, mabaki ya chini baada ya petroli na dizeli kutolewa. Baridi ni kama lami, kwa hivyo yanachujwa kwa mashine zinazozunguka kwa kasi na kupashwa zaidi ya nyuzi 100 ndipo yanyunyizike. Mwisho, hewa iliyobanwa kwenye matangi inaachiliwa kuingia silindani, jitu linaanza kugeuka, mafuta yanafunguliwa. Karibu nusu ya joto inageuka kuwa kazi. Rudolf angelia machozi.

Angekohoa pia. Mafuta hayo yana salfa nyingi, na ni 2020 tu ndipo dunia ilipobana sheria hadi asilimia 0.5 kwa meli zisizo na mtambo wa kusafisha moshi. Na jamaa zake wa nchi kavu tunawalipia: injini za Kipevu, Mombasa, ni za ukoo huohuo wa meli, na ile ada ya mafuta unayoiona ukinunua tokeni inatoka kwa mitambo ya aina hiyo. Kinachoipunguza ni mvuke, ule wa Olkaria kule Naivasha. Mvuke umerudi kulipiza kisasi.

Simu yako ilifika Mombasa au uwanja wa ndege, sijui, lakini ngano na mbolea ya Njoro, mitumba, na dizeli yenyewe inayosukumwa kwa bomba hadi ghala la Nakuru, vyote vilianza safari juu ya injini yake.

Yeye hakuviona. Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli ya Dresden kutoka Antwerp kwenda Harwich, Uingereza, kwa mkutano wa kampuni. Dresden ilikuwa meli ya mvuke. Alikula chajio na wenzake wawili, akaenda chumbani karibu saa nne usiku, akiagiza aamshwe asubuhi na mapema. Walipobisha, kitanda hakikuwa kimelaliwa. Kofia na koti lake vilipatikana juu ya sitaha vimekunjwa vizuri.

Magazeti yakachemka. Wengine wakasema majasusi wa Ujerumani walimuua asiwauzie Waingereza siri za nyambizi, wengine wakataja matajiri wa mafuta. Ni hadithi tamu, lakini mimi naangalia daftari lake la kumbukumbu, lililowekwa alama ya msalaba kwenye tarehe ileile. Naangalia pia begi alilomwachia mkewe Martha, akimwambia asilifungue hadi wiki ipite: ndani mlikuwa na pesa taslimu na karatasi za benki zikionyesha akaunti zimekauka. Jasusi haachi hivyo vitu.

Siku kama kumi baadaye mabaharia wa Kiholanzi waliona mwili baharini. Ulikuwa umeharibika, wakachukua vitu vya mfukoni na kuurudisha majini. Mwanawe Eugen aliitwa kuvitazama, akavitambua. Alikuwa kijana wa miaka 20 na ushee. Mwaka 1937 alichapisha kitabu cha maisha ya babake.