Edgar Hoover: Hakuwa na chama, lakini je, alikuwa wa haki?

Kila anapoteuliwa mkubwa mpya wa polisi au wa upelelezi, barazani swali huwa moja: huyu ni mtu wa nani? Tunatazama kabila lake, kwao ni wapi, na mwanasiasa gani anamjua. Tukikosa jibu, twasema basi huyu hana upande. Maisha ya John Edgar Hoover wa Marekani yaonyesha kwamba swali hilo halitoshi.

Hoover alizaliwa Washington tarehe 1 Januari 1895. Alisomea sheria usiku huku akifanya kazi mchana, na mwaka 1917 akaingia Wizara ya Sheria. Mwaka 1924, akiwa na miaka 29, alikabidhiwa idara ya upelelezi iliyokuwa imechafuka jina. Watu waliajiriwa kwa kujuana, na wapelelezi walikuwa wametumwa kumwandama hata seneta aliyeikosoa serikali.

Aliisafisha. Aliwafuta wasiofaa, akataka vijana waliosomea sheria au uhasibu, akakusanya alama za vidole za nchi nzima mahali pamoja, na mwaka 1932 akafungua maabara. Mwaka 1935 idara hiyo ikaitwa FBI.

Kwa chama, humshiki. Alikuwa mkaazi wa Washington, mji ambao wakaazi wake hawakupiga kura ya urais hadi 1964. Aliongoza miaka 48 chini ya marais wanane, wa Republican na wa Democratic. Na haki yake apewe: mwaka 1942, Wamarekani wenye asili ya Japani walipofungiwa kambini, yeye aliona hapakuwa na haja.

Lakini tazama kazi za siri. Mwaka 1940 Roosevelt alitaka wachunguzwe raia waliompelekea simu za maandishi kupinga sera yake ya nje. Wakachunguzwa. Mwaka 1964 Johnson alitaka habari za ndani za mkutano mkuu wa chama chake kule Atlantic City. Wapelelezi wakatumwa. Mwaka 1969 Nixon, wa chama kingine, alitaka simu za maafisa na waandishi wa habari zisikilizwe. Zikasikilizwa. Hana chama, naam, lakini alimtumikia kila aliyeshika mpini, na faili alizokusanya zikawafanya wakubwa wenyewe wamwogope.

Aliyeumia ni mnyonge. Mwaka 1956 Hoover alianzisha mpango wa siri wa kuvuruga Wakomunisti, nao ukapanuliwa hadi kwa watetezi wa haki za weusi na Nation of Islam. Martin Luther King alitegewa vinasa sauti hadi vyumba vya hoteli. Novemba 1964 FBI ilimpelekea kanda na barua isiyo na jina, ambayo King aliielewa kuwa inamtaka ajiue.

Siri ilifichuka tarehe 8 Machi 1971, raia walipovunja ofisi ndogo ya FBI mjini Media, Pennsylvania, na kuwapelekea waandishi makaratasi. Hoover alifia kazini tarehe 2 Mei 1972, akiwa na miaka 77. Seneti ikachunguza, na mwaka 1976 ikapitishwa sheria kwamba mkuu wa FBI asizidi miaka 10.

Sisi Katiba yetu ya 2010 imempa Inspekta Jenerali muhula mmoja wa miaka minne, na waziri haruhusiwi kumwamuru amshike nani. Ni kinga nzuri, lakini cheo ni amana, na amana hupimwa kwa vitendo. Kwa hivyo ndugu zangu, tukikaa tena barazani tuulize zaidi ya kabila na chama. Amemchunguza nani, kwa kosa gani? Na mwenye nguvu alipomtaka afanye lisilo haki, aliwahi kukataa?