Annalena Tonelli: Aliyewatibu wafugaji bila kuwadai senti

MIONGONI mwa watu waliopigania afya ya wafugaji wa Kaskazini Mashariki, marehemu Annalena Tonelli ana nafasi ya pekee. Hakuwa Msomali, hakuwa Mwislamu wala hakuwa daktari.

Alizaliwa mwaka wa 1943 mjini Forlì, Italia, akasomea sheria. Aliwasili Kenya mwaka wa 1969 akiwa mwalimu, kisha akahamia Wajir.

Enzi hizo, tiba ya kifua kikuu ilichukua mwaka mmoja au zaidi. Mfugaji hangeweza kulala wodini muda huo wote ilhali mifugo yake inafuata maji na malisho. Kuanzia Wajir hadi Sangailu, kusini mwa mkoa karibu na msitu wa Boni, maisha yalikuwa ya kuhamahama. Mgonjwa aliyepata nafuu kidogo aliondoka, maradhi yakamrudia yakiwa sugu, na jamaa zake wakaambukizwa.

Mnamo 1976, Tonelli alikabidhiwa mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani (WHO). Aliwaalika wagonjwa wajenge vibanda vyao kando ya kituo, wakameza dawa mbele ya mhudumu kwa miezi sita, bila malipo. Utaratibu huo ni mmojawapo wa misingi ya tiba ya uangalizi ambayo WHO ilieneza duniani miaka ya tisini.

Februari 1984, wanajeshi waliwaua raia katika uwanja wa ndege wa Wagalla. Tonelli aliokota maiti, akauguza manusura na kusaidia habari hizo zifike ng'ambo. Baadaye alilazimika kuondoka Kenya. Aliendelea na kazi yake Somalia, na hatimaye Borama, Somaliland. Juni 2003 alitunukiwa Tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa. Oktoba 5 mwaka huo aliuawa kwa risasi katika hospitali yake, akiwa na umri wa miaka 60.

Maisha yake yameacha swali: ni nani anayepaswa kulipia tiba ya maskini? Tonelli alitegemea pia michango ya jamaa na marafiki wa Italia. Hisani ya aina hiyo huenda na mwenyewe, bali hazina ya taifa hubaki.

Wapo watakaouliza vipi serikali iliyomwaga damu Wagalla iaminiwe na uhai wa watu wale wale. Hoja hiyo ni nzito. Hata hivyo, mfadhili hushukuriwa tu, ilhali serikali hudaiwa haki bungeni, mahakamani na kwenye debe la kura.

Kenya ilifuta ada za wagonjwa wasiolazwa mwaka wa 1965, ikazirejesha 1989. Chini ya Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023, huduma za zahanati na vituo vya afya hugharimiwa na serikali, lakini anayelazwa hospitalini hutegemea mchango wake, usiopungua Sh300 kwa mwezi.

Mfugaji wa Sangailu hana mshahara wa kukatwa, na ukame mmoja waweza kumaliza zizi lake. Tonelli alikwisha kuonyesha kwamba mtu kama huyo hupona iwapo tiba itamfuata alipo na asidaiwe. Kilichosalia ni serikali kukubali kulipa.