Ernie Davis, Mchezaji wa Syracuse

Ernie Davis alizaliwa tarehe 14 Desemba, mwaka wa 1939, katika jimbo la Pennsylvania, nchi ya Marekani. Hakupata kumjua baba yake, aliyekufa kwa ajali. Babu na bibi yake walimlea katika mji wa Uniontown, na babu alikuwa akifanya kazi katika machimbo ya makaa ya mawe. Mtoto huyu alikuwa na kigugumizi. Kwa hiyo alisema machache na kusikiliza mengi. Alipopata umri wa miaka 12 alihamia mji wa Elmira, jimbo la New York, kukaa na mama yake. Huko shuleni alisifiwa sana kwa michezo, hata vyuo vingi vikamtaka. Naye akachagua Chuo Kikuu cha Syracuse.

Mpira wa Wamarekani si kama huu tuuchezao sisi. Kila upande una watu 11, lakini mpira wenyewe umechongoka pande mbili, na mchezaji huubeba mikononi akakimbia nao, au humtupia mwenziwe. Wapinzani hujitahidi kumwangusha chini. Kazi ya Ernie ilikuwa kuubeba. Alipewa fulana yenye namba 44, iliyokuwa ya Jim Brown, mchezaji hodari aliyemtangulia katika chuo kile.

Mwaka wa 1959 Syracuse walicheza mara 10 katika majira ya mpira, wakashinda zote. Mwalimu wao, Ben Schwartzwalder, aliwazoeza kwa bidii nyingi. Basi wakaalikwa Dallas, katika jimbo la Texas, kupambana na Chuo Kikuu cha Texas siku ya Mwaka Mpya wa 1960.

Siku zile, katika majimbo ya kusini, watu weusi walitengwa na weupe katika shule, hoteli na mahali pengi. Texas hawakuwa na mchezaji mweusi hata mmoja. Tena Ernie alikuwa ameumia paja siku chache kabla ya mchezo. Hata hivyo aliingia uwanjani. Mchezo ulipokuwa ungali mwanzoni, mwenziwe alimtupia mpira. Akaudaka, akakimbia, wala hakuna aliyemfikia mpaka mwisho wa uwanja. Mwendo wa mpira ule ulikuwa yadi 87. Syracuse wakashinda kwa 23 kwa 14. Hivyo walimaliza michezo 11 bila kushindwa, wakawa mabingwa wa vyuo vyote vya Marekani, na Ernie akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa siku ile.

Jioni palikuwa na karamu ya kutoa tuzo. Lakini Ernie na wenzake weusi waliambiwa kwamba wakiisha kupokea tuzo zao watoke, kwa sababu nyumba ile haikuwa ya watu weusi. Yule aliyesifiwa mchana mbele ya maelfu ya watu, usiku hakutakiwa kuketi pamoja na wenziwe kula. Wachezaji weupe wa Syracuse nao waliona uchungu. Ernie hakulipa tusi kwa tusi. Alirudi chuoni, akazidisha juhudi.

Mwaka wa 1961 alipewa tuzo ya Heisman, ambayo hupewa mchezaji mmoja tu kila mwaka, aliye bora kuliko wote wa vyuo. Tuzo hiyo ilianza mwaka wa 1935, na kabla yake hapana mtu mweusi aliyeipata. Rais Kennedy alionana naye mjini New York, akampa mkono.

Baadaye timu ya Cleveland Browns ilimwajiri awe mchezaji wa mshahara. Kabla hajacheza hata mara moja, waganga waliona kuwa ana lukemia, yaani saratani ya damu. Hata katika ugonjwa ule aliandika gazetini kwamba hajihesabu kuwa mtu wa bahati mbaya. Alikufa tarehe 18 Mei, 1963, mwenye umri wa miaka 23, akazikwa Elmira. Maelfu ya watu, weusi kwa weupe, walikuja kumwaga.

Wahenga walinena kwamba mwungwana ni vitendo. Waliomfungia mlango Dallas hawakuweza kumwondolea uungwana wake.