Alidina Visram: Mzee Aliyefuata Reli

Sisi tunaokaa Carrollton tunavuka reli kila siku bila hata kuitazama. Treni ilifika hapa mwaka 1878, na mji ukawa mahali pa kupakia pamba, nafaka na mifugo. Mimi reli hiyo hunikumbusha mzee mmoja wa kule kwetu, aliyejua reli ina maana gani kwa duka: Alidina Visram.

Alizaliwa Kutch, India, mnamo 1851, akafika Bagamoyo akiwa mtoto wa miaka kama 12. Aliajiriwa na Sewa Haji Paroo, tajiri aliyekuwa akipeleka misafara bara. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, kijana yule alikuwa keshakomaa katika kazi. Tusimpambe sana, lakini: utajiri ule ulianzia kwenye pembe za ndovu na vichwa vya wapagazi.

Wakati huo Waingereza walikuwa wanajenga reli kutoka Mombasa, iliyofika Kisumu mwaka 1901. Kadiri reli ilivyosonga, Alidina naye akafungua maduka njiani, mpaka Kampala na mbele yake. Matawi yakapita 30.

Sasa hapa ndipo pa kusikiliza, jamani. Mzee hakuishia kuuza tu. Wenye maduka madogo aliwapa bidhaa kwa mkopo, nao wakamletea mazao na ngozi. Kwa hiyo mkulima wa mbali akapata pa kuuza na pa kununua chumvi na nguo. Uganda alianzisha kiwanda cha kuchambua pamba. Na ingawa alikuwa Muislamu wa Ismailia, alichangia hata kanisa kuu la Namirembe.

Mwaka 1916 alifariki kwa homa baada ya safari ya Kongo. Mwanawe, Abdulrasul, akatoa fedha za kujenga shule Mombasa kwa jina la baba yake, na mpaka leo watoto wanasoma pale. Lakini Abdulrasul naye akafariki mwaka 1923, na ile himaya ya maduka haikusimama tena kama zamani. Shule imebaki, biashara imekwisha. Kwa maoni yangu, mambo mengi mno yalikuwa kichwani mwa mtu mmoja.

Basi tujiangalie na sisi. Kuanzia hapa Carrollton mpaka Houston, ndugu zetu wana biashara zao: unga, nywele, mizigo ya nyumbani. Nyingi zinamtegemea mwenyewe tu. Akiugua, mlango unafungwa, na sisi wengine tunabaki kulalamika kwamba unga haupatikani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kati yetu wapo wanaosomea uhasibu. Saa mbili za Jumamosi kumsaidia mama mmoja kuweka hesabu zake sawa, na kumfundisha mwanawe aijue kazi, si nyingi.

Kununua kwao ni vizuri. Kuhakikisha duka linampita mwenyewe umri ni vizuri zaidi.