Dokuchaev, Mpimaji wa Udongo

Askari aliyepata kuchimba handaki amekwisha kuona kwamba ardhi ina matabaka: juu udongo mweusi, chini yake mwekundu, na chini zaidi changarawe. Wengi wetu huyapita mambo hayo bila kuyatia maanani. Vasily Dokuchaev aliyafanya kuwa kazi ya maisha yake.

Alizaliwa mwaka 1846 katika kijiji cha Milyukovo, jimbo la Smolensk, Urusi, mwana wa kasisi. Alianza masomo ya dini, akayaacha, akasoma sayansi katika Chuo Kikuu cha Saint Petersburg. Kutokana na ukame wa mwaka 1873 na 1875, alitumwa kuchunguza udongo mweusi wa nyika za Urusi. Mwaka 1877 na 1878 alisafiri kilometa zipatazo 10,000, akichimba mashimo na kupima unene wa kila tabaka.

Zama zile wataalamu wengi waliuona udongo kuwa ghala tu ya chakula cha mimea. Kikipungua, ghala hujazwa mbolea. Dokuchaev, katika kitabu chake cha mwaka 1883, alionyesha kwamba udongo huzaliwa na kukua, kwa nguvu za mwamba, hali ya hewa, mimea na wanyama, sura ya nchi na umri wake. Ndiyo maana mbolea iliyostawisha shamba la bondeni huweza kupotea bure mlimani, na ndiyo maana ramani hutangulia mfuko wa mbolea.

Kuanzia 1882 hadi 1886 alipima jimbo la Nizhny Novgorod, ili kodi ya ardhi ikadiriwe kwa kufuata ubora wake. Taarifa yake ilijaa majuzuu 14.

Kisha mwaka 1891 ikaja njaa kuu, katika nchi ile ile yenye udongo mnono kuliko yote. Dokuchaev hakuulaumu udongo. Misitu ilikuwa imekatwa, nyika zimelimwa ovyo, na maji yakikimbilia makorongoni. Aliandika kitabu juu ya hayo mwaka 1892, na mapato yake yakatolewa kwa wenye njaa. Kwetu sisi, tendo hilo lapita nishani zake zote.

Mwaka huo huo alianza kazi huko Kamennaya, jimbo la Voronezh: mabwawa yalichimbwa, na safu za miti zikapandwa kuukinga upepo.

Mkewe alifariki mwaka 1897. Naye, baada ya kuugua sana, akamfuata mwaka 1903. Safu zile za miti zingali zimesimama.