Kristen Nygaard: Msomi aliyetaka mfanyakazi aielewe tarakilishi inayompangia kazi

MWANAFUNZI wa sayansi ya tarakilishi, awe katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro mjini Kakamega au katika chuo kingine chochote duniani, hufunzwa kuuchora mfumo kabla ya kuuandika.

Huchora visanduku, akaandika ndani yake majina kama vile mteja, akaunti, bidhaa na risiti, kisha akaviunganisha kwa mistari inayoonyesha ni kipi kinachokitegemea kingine. Siku hizi hata kazi hiyo hufanywa na mashine. Zipo programu zinazosoma maelfu ya mistari ya amri za mfumo wa benki, hospitali au kiwanda, zikatoa mchoro wake kwa muda mfupi.

Fikra iliyo nyuma ya visanduku hivyo ilikomaa jijini Oslo, Norwei, katika miaka ya 1960, kutokana na kazi ya wanahisabati wawili, Kristen Nygaard na Ole-Johan Dahl.

Wengi katika taaluma hiyo wanamkumbuka Nygaard kwa uvumbuzi huo. Wasiolijua wengi ni kwamba, baada ya kuvumbua, aliingiwa na hofu kuhusu matumizi ya kazi yake mwenyewe. Akatumia sehemu kubwa ya maisha yake kuhakikisha kwamba watu wanaochorwa ndani ya michoro hiyo wanaweza kuisoma, kuihoji na hata kuipinga.

Nygaard alizaliwa Oslo mnamo Agosti 27, 1926. Alisomea hisabati katika Chuo Kikuu cha Oslo na kupata shahada ya uzamili mwaka wa 1956. Kufikia wakati huo alikuwa amefanya kazi kwa miaka minane katika taasisi ya utafiti ya jeshi la Norwei, alikoingia mwaka wa 1948.

Kazi yake ya awali katika taasisi hiyo ilihusu hesabu za mtambo wa kwanza wa nyuklia wa nchi hiyo. Hesabu zilikuwa ngumu mno kwa mbinu za kawaida. Nygaard akaamua kuiga kwa bahati nasibu mwenendo wa chembe ndani ya mtambo, mara nyingi, hadi jibu likajitokeza. Kwa kukosa tarakilishi, uigaji huo ulifanywa kwa mkono.

Baadaye aliongoza kazi ya kutumia hesabu kupanga shughuli za jeshi. Hapo ndipo alipokumbana na tatizo lililomsumbua kwa miaka mingi. Shughuli yoyote kubwa ina mambo mengi yanayotendeka kwa wakati mmoja: watu wanangoja, mizigo inasafiri, mashine zinaharibika. Hapakuwa na lugha nzuri ya kueleza mambo hayo yote kwa pamoja, si kwa binadamu wala kwa mashine.

Mnamo 1960 alihamia Kituo cha Tarakilishi cha Norwei jijini Oslo. Mwanzoni mwa 1962, katika barua kwa mtaalamu mmoja wa Ufaransa, alieleza nia yake ya kuunda lugha ya namna hiyo. Aliijua shida ila hakuwa bingwa wa kuandika programu. Bingwa alikuwa Dahl, aliyezaliwa mwaka wa 1931, ambaye walikuwa wamefanya kazi pamoja jeshini. Wawili hao wakawa kama pete na kidole.

Bahati pia iliwasimamia. Kampuni ya Univac ya Marekani, iliyotaka kuuza mashine zake barani Ulaya, ilikubali kukiuzia kituo hicho tarakilishi aina ya Univac 1107 kwa nusu ya bei, nacho kituo kiilipe kampuni hiyo kwa programu. Mojawapo ya programu hizo ilikuwa lugha mpya ya Nygaard na Dahl. Mashine iliwasili Agosti 1963, na kufikia mwanzoni mwa 1965 lugha hiyo, iliyopewa jina Simula, ilikuwa ikifanya kazi.

Ili kufahamu walichokifanya, mfano wa kiwanda cha sukari unatosha. Mkulima wa miwa wa Mumias, Kabras au Butali, katika Kaunti ya Kakamega, anaijua foleni ya trekta nje ya kiwanda. Kila trekta lina mzigo wake, mwenye shamba wake na saa lililofika. Mizani hupima trekta moja kwa wakati mmoja. Nayo miwa iliyokatwa huzidi kukauka na kupungua uzito kadiri foleni inavyokawia.

Lugha za programu za wakati huo ziliiona shughuli kama hiyo kuwa mlolongo mmoja mrefu wa hesabu. Simula iliiona kuwa mkusanyiko wa vitu vyenye uhai. Mwandishi aliweza kueleza trekta ni nini, linabeba nini na linatenda nini, kisha akayaachilia matrekta mia moja ndani ya mashine, kila moja likifuata safari yake. Kwa njia hiyo meneja angeweza kujua iwapo kuongeza mizani ya pili kungepunguza foleni, kabla ya kutumia hata senti moja.

Hatua iliyofuata ilikuwa kubwa zaidi. Mwishoni mwa 1966, wawili hao walikuwa wakitafakari kuhusu foleni ya magari kwenye kituo cha kulipia ushuru darajani. Ndani ya foleni hiyo kulikuwa na malori na mabasi. Lori si basi, ila yote mawili ni magari. Wakaona kwamba yale yanayohusu kila gari yafaa kuandikwa mara moja tu, kisha lori na basi zirithi maelezo hayo, kila moja likiongeza lililo lake.

Dhana hiyo ya urithi ikawa nguzo ya toleo jipya, Simula 67, lililowasilishwa kwa wataalamu wa kimataifa mnamo Mei 1967 katika mkutano uliofanyika Lysebu, Oslo.

Haikuwa kazi ya upole. Inasimuliwa kwamba mwaka huo mfanyakazi mgeni wa kituo alimkimbilia mpokezi wa simu akiwa na wasiwasi, akamwarifu kuwa kuna wanaume wawili wanaopigana vikali mbele ya ubao. Mpokezi akamtuliza: hao walikuwa Dahl na Nygaard tu, wakiijadili Simula.

Simula yenyewe haikuenea sana. Iliyoenea ni mbegu yake. Alan Kay na wenzake nchini Marekani waliichukua wakaunda Smalltalk. Bjarne Stroustrup, aliyeitumia Simula alipokuwa akisoma Cambridge, aliunda C++. Mwaka wa 1995 ikaja Java, lugha iliyotumika kuandika mifumo mingi ya benki na mashirika. Mnamo 1997 wataalamu wakaidhinisha lugha moja ya kuchora mifumo, UML, yenye visanduku na mistari inayofunzwa vyuoni hadi leo.

Uwezo wa mashine kuchora mfumo yenyewe hutegemea pia msingi huo. Pale ambapo programu imeandikwa kwa vitu vyenye majina, tabia na uhusiano unaojulikana, mashine nyingine inaweza kuyasoma majina hayo, ikafuata uhusiano na kuupanga katika picha.

Hata hivyo, wakati Simula ilipoanza kupata wateja, Nygaard alikuwa ameanza kukosa usingizi. Aliona kwamba lugha yake ilitumiwa kupanga kazi za watu. Meneja alipata picha kamili ya kiwanda, ilhali fundi aliyekuwa ndani ya picha hiyo hakuiona. Alihofu kwamba kazi zingekatwakatwa vipande vidogo, ujuzi wa mfanyakazi ungepungua thamani, na mwendo wa kazi ungeamuliwa na mashine.

Wengi katika nafasi yake wangejitetea kwamba mfua kisu halaumiwi kwa mkono unaokishika. Nygaard hakuona hivyo. Aliamini kuwa, ikiwa mwajiri amepewa lugha ya kueleza kiwanda, mfanyakazi naye ana haki ya kupewa ya kwake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alianza kushirikiana na chama cha wafanyakazi wa chuma na vyuma cha Norwei. Mpango wa kwanza ulikuwa wa kawaida: watafiti wangechunguza mifumo ya viwandani na kuwaandikia wafanyakazi ripoti. Ikabainika upesi kwamba ripoti hizo zingejaa vumbi kabatini.

Mpango ukageuzwa. Ilikubaliwa kuwa matokeo ya utafiti hayatakuwa kurasa zilizoandikwa na wasomi, bali hatua zitakazochukuliwa na wafanyakazi wenyewe baada ya kuelewa. Makundi yakaundwa viwandani. Vitabu vya mafunzo kuhusu upangaji, usimamizi na matumizi ya data vikaandikwa kwa lugha ambayo fundi angeielewa. Wafanyakazi wakaanza kuuliza ni taarifa gani zinazokusanywa kuwahusu, nani anayeziona, na zinaamua nini.

Maswali hayo yalizaa matunda. Mnamo 1975 shirikisho la vyama vya wafanyakazi na lile la waajiri yalitia saini mkataba wa kitaifa uliowapa wafanyakazi haki ya kuarifiwa na kushirikishwa kabla ya mifumo mipya kuletwa kazini. Viwandani wakachaguliwa wawakilishi maalumu wa kufuatilia masuala ya data. Sheria ya mazingira ya kazi ya 1977 nayo ikaitambua haki ya wafanyakazi kuhusishwa katika mifumo inayopanga na kusimamia kazi zao.

Ni kweli kwamba Norwei ilikuwa na vyama vya wafanyakazi vyenye nguvu na waajiri waliozoea kuketi nao mezani. Pale ambapo chama ni dhaifu, mbinu ya Nygaard haikupata njia rahisi. Lakini wazo la kwamba mtumiaji wa mfumo ashiriki kuubuni lilivuka mipaka, kwanza hadi Uswidi na Denmark, kisha kwingineko, na limekuwa somo la kawaida katika taaluma hiyo.

Wakati huohuo hakuacha kutafuta lugha bora. Mnamo 1975, yeye na wenzake walichapisha kazi yao kuhusu lugha ya Delta. Ajabu ya lugha hiyo ni kwamba haikukusudiwa kuendeshwa na mashine. Ilikusudiwa watu waelezane jinsi mfumo unavyofanya kazi: mashine, karatasi, na binadamu walio kati yake. Kuanzia 1976, pamoja na wataalamu wa Denmark na Norwei, akajiunga katika kuunda lugha nyingine, Beta. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Aarhus, kisha Oslo, ambako alikuwa profesa hadi 1996.

Siasa pia zilimvuta. Katika miaka ya 1960 alikuwa miongoni mwa viongozi wa kitaifa wa chama cha Kiliberali, Venstre. Kuanzia 1990 hadi 1995 aliongoza vuguvugu lililopinga Norwei kujiunga na Muungano wa Ulaya. Katika kura ya maamuzi ya Novemba 28, 1994, upande wake ulishinda kwa asilimia 52.2. Wapo Wanorwei waliomjua kwa ushindi huo tu, wasijue kabisa kwamba ndiye aliyeubadilisha ulimwengu wa programu.

Heshima za taaluma zilimfikia akiwa mzee. Mnamo 1990 alipewa Tuzo ya Norbert Wiener kwa uwajibikaji wake kwa jamii. Mwaka wa 2000, yeye na Dahl walitunukiwa nishani ya Mtakatifu Olav na Mfalme wa Norwei. Kisha ikaja Tuzo ya Turing ya 2001, iliyo ya juu zaidi katika sayansi ya tarakilishi, na nishani ya John von Neumann ya 2002.

Hawakuifurahia kwa muda mrefu. Dahl alifariki Juni 29, 2002. Majuma sita baadaye, Agosti 10, Nygaard naye alikufa jijini Oslo kwa mshtuko wa moyo, zikiwa zimesalia siku chache atimize umri wa miaka 76. Hadi mwisho alikuwa na mradi mkononi, wa kutafuta njia nyepesi za kuwafunza wanaoanza kuandika programu.

Zaidi ya miaka 20 tangu kifo chake, programu zinazochora mifumo zimekuwa hodari kuliko alivyoziacha. Picha iliyowachukua wataalamu majuma kadhaa hupatikana kwa dakika. Lakini mashine huchora kile kilichoandikwa tu. Haimchori karani anayeweka hesabu ya pili katika daftari kwa kuwa mfumo unamkwamisha. Wala haimchori mkulima anayeikagua taarifa ya malipo ya miwa yake, akaona makato ya mbolea, kulimiwa na usafiri, asijue yamefikiwaje.

Kwa mchoraji, mkulima huyo ni kisanduku chenye jina na nambari. Kwa Nygaard, alikuwa mtu mwenye haki ya kuletewa mchoro huo, kufafanuliwa kwa lugha anayoijua, na kuuliza ni nani aliyeamua mstari upite pale. Kijana wa Kakamega anayejifunza leo kuchora mifumo ya mashirika amerithi visanduku vya msomi huyo. Kazi iliyosalia ni kuirithi pia dhamiri yake.