Edgar Sengier, Mshika Ufunguo wa Shinkolobwe

Askari aliye zamuni jioni huko Kanyosha, kusini mwa mji wa Bujumbura, akitazama magharibi huona maji ya Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya maji hayo milima ya Kongo. Mbali zaidi, upande wa kusini, ipo nchi ya Katanga, ambako babu zetu wengi walikwenda kufanya kazi katika migodi ya shaba. Katika nchi hiyo hiyo yalitoka mawe yaliyobadili vita vya dunia nzima. Leo tumeona inafaa kuwasimulia askari wetu, wa jeshi na wa polisi, maisha ya mtu aliyeshika ufunguo wa mawe hayo. Jina lake ni Edgar Sengier. Hakuwa mwanajeshi wala mtaalamu wa atomiki, bali mkuu wa kampuni. Na maisha yake yanatuonyesha jinsi silaha ya siri inavyozaliwa.

Sengier alizaliwa mwaka 1879 katika mji wa Kortrijk, nchini Ubelgiji, akasomea uhandisi wa madini huko Leuven. Mwaka 1911 aliingia katika Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906 ili kuchimba utajiri wa Katanga. Alifika wakati tanuri za Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi, zikianza kuyeyusha shaba ya kwanza. Kampuni ilikua upesi, nayo ilihitaji watu. Katika miaka ya 1920 iliandikisha vibarua hata katika Ruanda-Urundi, na Kiswahili kikawa lugha ya makambi yake. Sengier alipanda ngazi hadi kuwa kiongozi wake mkuu.

Mwaka 1915 Mwingereza aitwaye Robert Sharp aligundua urani mahali paitwapo Shinkolobwe, karibu na mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi. Wakati ule urani yenyewe haikuwa na thamani kubwa. Ilitumiwa kutia rangi vyombo vya udongo na vioo. Kilichotafutwa ndani yake ni radiamu, dawa ya kutibu saratani, ambayo kuanzia mwaka 1922 Wabelgiji waliitengeneza kwao katika kiwanda cha Olen. Mwaka 1937 mgodi ulifungwa, na maji yakajaa mashimoni. Hakuna aliyedhani ya kuwa chini ya maji hayo palikuwa na hatari kwa wanadamu wote.

Mwishoni mwa mwaka 1938, huko Berlin, wataalamu wa Kijerumani walipasua kiini cha atomu ya urani. Mwezi Mei 1939, miezi michache kabla ya vita, Sengier alikuwa London, akakutana na Sir Henry Tizard, mshauri wa serikali ya Uingereza katika mambo ya sayansi. Mwingereza huyo alimwonya kwamba anamiliki kitu kinachoweza kuleta maangamizi kwa nchi zao zote mbili kikitwaliwa na adui. Siku chache baadaye wataalamu wa Ufaransa nao walimwendea kwa habari ya urani hiyo hiyo. Sengier akafahamu. Mwaka huo huo alihamia New York, akaiongoza kampuni kutoka huko.

Mwezi Mei 1940 Wajerumani waliivamia Ubelgiji. Tani zaidi ya 1,000 za urani iliyokuwa Ubelgiji ziliangukia mikononi mwao, nazo hazikupatikana tena ila mwaka 1945, karibu na mji wa Stassfurt. Lakini akiba iliyobaki Katanga ilikuwa bado salama, na hapo ndipo Sengier alipofanya tendo lililomtia katika historia. Bila kuamriwa na serikali yoyote, aliagiza tani kama 1,200 za madini bora zipakiwe katika mapipa ya chuma, zisafirishwe hadi bandari ya Lobito nchini Angola, kisha zivuke bahari hadi New York. Kabla ya mwaka 1940 kwisha, mapipa hayo yalikuwa yamekwisha kutua katika ghala moja la kisiwa cha Staten.

Yakakaa humo karibu miaka miwili. Mwanzoni mwa mwaka 1942 Sengier aliwadokeza mara kadhaa maafisa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, lakini wao walishughulika zaidi na kobalti na shaba. Hawakujua kwamba katika serikali yao wenyewe wengine walikuwa wakiitafuta urani kwa udi na uvumba. Hapo tunaona tabia moja ya mipango ya siri: humficha adui, lakini humficha pia ndugu wa nyumba moja.

Hatimaye, tarehe 18 Septemba 1942, Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani alifika ofisini kwa Sengier. Mzee huyo alikuwa amekwisha choshwa na maneno matupu. Aliomba kwanza kuona kitambulisho cha mgeni, kisha akataka kujua kama amekuja kuzungumza au kununua. Yapata saa moja baadaye Nichols alitoka na karatasi moja ya manjano yenye maneno machache ya mapatano. Mapipa yote yalikuwa mali ya jeshi la Marekani, na tani nyingine 3,000 zilizokuwa juu ya ardhi huko Shinkolobwe zingefuata.

Kwa nini mapatano hayo yalikuwa makubwa kiasi hicho? Kwa sababu mahali pengi duniani madini ya urani hayafikii hata sehemu moja katika mia, hali yale ya ghalani yalikuwa na sehemu kama 65 katika mia. Kisha urani ya kawaida ina chini ya sehemu moja katika mia ya aina ile inayofaa kwa bomu. Hapana budi taifa litenge aina hiyo kwa mitambo mikubwa, ama lichome urani katika kinu ili lipate plutoni. Njia zote mbili zinataka fedha, viwanda na wataalamu. Wamarekani walitumia dola kama bilioni mbili na watu zaidi ya 100,000, ambao wengi wao hawakujua wanatengeneza nini. Lakini bila mawe hakuna kiwanda, na karibu theluthi mbili ya urani ya mpango huo ilitoka Kongo.

Wahandisi wa jeshi la Marekani waliukausha mgodi na kuufungua upya. Jina la Shinkolobwe likafichwa, askari wakawekwa kuulinda. Wachimbaji Waafrika waliyabeba na kuyachagua mawe kwa mikono, wala hawakuambiwa kwamba yanadhuru mwili. Nao hawakuwa na sauti. Mwezi Desemba 1941 wafanyakazi wa kampuni hiyo huko Elisabethville walipogoma kudai nyongeza ya mshahara, askari wa kikoloni waliamriwa kuwapiga risasi, wakafa makumi, akiwamo kiongozi wao Léonard Mpoyi. Hatusemi kwamba Sengier, aliyekuwa New York, ndiye aliyetoa amri ile. Twasema tu kwamba utajiri alioulinda ulisimama juu ya migongo ya watu hao, na kwamba walioamriwa kufyatua walikuwa askari Waafrika kama wao.

Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la urani liliangushwa juu ya mji wa Hiroshima nchini Japani. Kabla ya mwaka ule kwisha, watu kama 140,000 walikuwa wamekufa. Siku tatu baada ya bomu hilo, la plutoni liliangukia Nagasaki.

Mwaka 1946 Sengier alitunukiwa na Marekani nishani ya juu wanayopewa raia, na madini mapya yaliyopatikana Katanga yakaitwa sengieriti kwa heshima yake. Mapatano ya mwaka 1944 yalikuwa yamekwisha kuzipa Marekani na Uingereza haki ya kwanza ya kununua urani ya Kongo. Wakongo wenyewe hawakuulizwa. Mwaka 1960, uhuru ulipokaribia, mashimo ya Shinkolobwe yalizibwa kwa saruji. Sengier alifariki huko Cannes, Ufaransa, mwezi Julai 1963.

Tumhukumuje mtu huyu? Alikuwa mwenye kuona mbali, na yamkini aliinyima Ujerumani ya Hitler akiba ya Katanga. Lakini kwa siri ile ile aliyoitumia kumzuia mwovu, silaha mbaya kuliko zote ilitoka, na waliochimba mawe yake walikuwa wa mwisho kujua. Mambo haya mawili yote ni kweli, wala moja halifuti jingine.

Wala siri haikuishia kwake. Afrika ya Kusini, yenye urani yake yenyewe, iliunda mabomu sita bila kutangaza, ikayavunja, na rais wake akakiri mbele ya Bunge mwezi Machi 1993. Huko Kinshasa, katika kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika kilichofunguliwa mwaka 1959, fito mbili za urani ziliibwa. Moja ilikamatwa nchini Italia mwaka 1998. Na Shinkolobwe kwenyewe, saruji haikuwazuia wachimbaji wadogo. Mwaka 2004 serikali ya Kongo iliamuru wafukuzwe, na mwezi Julai mwaka huo sehemu ya mgodi iliporomoka na kuua watu.

Mataifa ya Afrika yamejibu kwa Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa sahihi Cairo mwaka 1996, unaolifanya bara letu kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia na kuzitaka nchi kulinda vikali vitu vya aina hiyo. Mkataba huo ulihitaji nchi 28 kuuidhinisha ndipo upate nguvu. Nchi ya 28 ilikuwa Burundi, tarehe 15 Julai 2009. Nchi ndogo ndiyo iliyokamilisha hesabu.

Basi, askari wetu, safari ya bomu la Hiroshima ilianza kwa mapipa yaliyopita mbele ya walinzi wasiojua yamebeba nini. Zamani hawakuruhusiwa kuuliza. Leo anayesimama kizuizini kwenye barabara ya Rumonge, au bandarini, na kutaka kujua mzigo ni nini, umetoka wapi na unakwenda kwa nani, anatimiza ahadi ambayo nchi yake imetia sahihi.